Mwaka 1998, Mwaka wa Bahari

Watu wa Malindi wakiukumbuka mwaka 1998, wengi hutaja kwanza mvua za El Niño, kisha Ijumaa ya tarehe 7 Agosti, mabomu yalipolipuliwa karibu wakati mmoja kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Wana haki ya kukumbuka hivyo, kwani zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia, na jengo la Ufundi liliporomoka watu wakiwa ndani. Mungu awarehemu. Majaribio ya nyuklia ya India na Pakistan, kujiuzulu kwa Suharto, na Ufaransa kuifunga Brazil mabao 3-0, hayo yote tuliyasikia redioni. Lakini tukio la dunia lililotugusa sisi wa pwani kwa muda mrefu zaidi lilipita bila kutangazwa sana, nalo ni kufa kwa matumbawe ya bahari yetu.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza 1998 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Bahari. Mwezi Mei, mjini Lisbon, yalifunguliwa maonyesho makubwa ya dunia yaliyohusu bahari, na pia kuadhimisha miaka 500 ya safari ya Vasco da Gama, yule aliyetia nanga hapa kwetu Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Malindi basi ilikuwa sehemu ya historia iliyosherehekewa kule, na inaniuma kwamba katika majuma yale yale matumbawe yetu yalikuwa yakifa.

Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi kwa ushirika na mwani usioonekana kwa macho, nao mwani huo ndio unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Joto la maji likizidi kiwango cha kawaida kwa nyuzi 1 au 2 tu, na likadumu majuma kadhaa, mwani hutoka, tumbawe likapauka na kubaki jeupe, na joto lisiposhuka upesi hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa kati ya Machi na Mei, kaskazi ikiisha na kusi haijashika, tangu pwani yetu hadi Shelisheli na Maldivi. Wataalamu walikadiria kwamba asilimia 16 ya miamba ya matumbawe duniani iliharibika.

Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ambamo uvuvi umekatazwa tangu 1968, haikuokoka. Hili ndilo ninalotaka lieleweke hasa, maana tumezoea kumlaumu mvuvi na juya lake kila mwamba unapoharibika, na juya huharibu kweli. Ila joto lile halikumtafuta mvuvi wala halikuheshimu mpaka wa hifadhi, nalo lilizidishwa na moshi wa viwanda na magari ya nchi zilizo mbali nasi.

Matumbawe yaliyoathirika zaidi ni yale ya matawi, ambamo samaki wadogo hujificha, na yale makubwa ya mviringo yakastahimili zaidi. Mengi yalianza kuota tena, lakini 2016 joto lilirudi na kuyapausha kabla hayajakomaa yote. Naomba walimu wetu, wanapofundisha habari za 1998, waanze na mwamba huu ulio mbele ya shule zao.