"Access is denied", na ruhusa zote zipo

Ukiona whoami (amri ya Windows inayoonyesha umeingia kama nani) inakujibu jina sahihi, akaunti imo kwenye kundi lenye haki ya kusoma, na bado skripti uliyoiendesha kwa mbali kwenye mashine ya katikati inagoma ikitoka hapo kwenda seva ya mafaili, \\seva\folda, achana na ruhusa za folda. Kila nikiitwa kwenye tatizo hili nakuta mtu ameshampa Everyone (kundi la kila mtu) udhibiti kamili, kwenye share na kwenye NTFS (ruhusa za mtandao na za diski), na kosa liko palepale. Hiyo Everyone naitoa kwanza, ndipo tuongee.

Kipimo changu ni hiki. Naingia kwenye mashine ya katikati kwa Remote Desktop na kufungua folda: inafunguka. Naingia tena kwa Enter-PSSession (amri ya PowerShell ya kuingia kwa mbali), akaunti ileile: inakataa. Kilichobadilika ni namna ya kuingia tu. Ukipitia WinRM (huduma ambayo Enter-PSSession huitumia), mlango 5985 au 5986, Windows inakuandika logon type 3, yaani umeingia kupitia mtandao. Imeshakutambua, lakini nenosiri lako halikufika kule. Piga klist (amri inayoorodhesha tiketi zako za Kerberos, mfumo wa utambulisho wa Windows) ndani ya kikao: tiketi ya krbtgt, ile ya kuombea tiketi nyingine, haimo. Sasa kafungue logi ya usalama kwenye seva ya mafaili yenyewe, ambako watu huwa hawafiki. Mara nyingi utakuta ANONYMOUS LOGON, yaani mgeni asiye na jina. Seva haijamkataa mtumiaji wako, haijamwona kabisa.

Dawa inayotajwa haraka ni CredSSP. Inafanya kazi, ila inapeleka nenosiri lako zima kwenye mashine ya katikati, na atakayeidukua mashine hiyo atalikuta. Mimi siitumii. Kwa skripti ndogo nampitishia New-PSDrive, amri ya kuunganisha folda, kitambulisho kwa $using:cred. Kwa kazi ya kila usiku natengeneza scheduled task (kazi ya ratiba) kwenye mashine ya katikati inayoendeshwa na SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe, kisha naipa ruhusa ya folda akaunti ya kompyuta hiyo, ile yenye alama ya dola mwishoni, mfano SRV01$. (Ndiyo, kompyuta nayo ina akaunti kwenye domeni. Wengi hushangaa.)

Mashine zikiwa nyingi, tangu Windows Server 2012 kuna njia safi zaidi: kwenye akaunti ya seva ya mafaili unataja nani (hapa ni mashine ya katikati) aruhusiwe kumwakilisha mtumiaji, kwa Set-ADComputer na -PrincipalsAllowedToDelegateToAccount. Usikate tamaa ikikataa papo hapo, maana jibu la zamani hukaa kwenye kumbukumbu kama dakika 15. Piga klist purge -li 0x3e7 kwenye mashine ya katikati, ujaribu tena. Ikigoma hata hapo, angalia kama akaunti ya mtumiaji imo kwenye Protected Users, kundi la akaunti zinazolindwa zaidi, kwa sababu akaunti hizo haziwakilishwi na yeyote.