Ndege Ametua, Mto Umefurika

Mtu akisema "ndege ametua", tunajua anamzungumzia kiumbe mwenye mabawa na moyo. Akisema "ndege imetua", tunajua ni chombo kilichobeba abiria. Nomino ni ileile, lakini kiambishi kimoja kinatenganisha chenye uhai na kisicho na uhai. Nimelitafakari sana jambo hili, kwa sababu sarufi yetu humpa nyungunyungu upatanisho uleule inaompa mfalme: huyu amekula, yule naye amekula, na wote mwisho wao wamekufa. Mti haukubahatika. Ijapokuwa unachipua, unazaa na kufa kama sisi, umepangwa pamoja na mkeka na mwavuli.

Juzi nilikuwa nikichimba shimo la kupandia mche, jembe likamkata nyungunyungu vipande viwili. Nilichuchumaa kumtazama. Kando yake palikuwa na vijirima vya udongo laini, mweusi, uliosokotwa kama uzi, ambao ulikuwa umepita tumboni mwake au mwa wenzake. Charles Darwin aliwachunguza viumbe hawa kwa miaka mingi, na mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa kwake, alichapisha makadirio kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita matumboni mwao kila mwaka katika ekari moja. Mimi hulisema neno "ardhi yangu" bila kusita, kwa kuwa hati ina jina langu, ilhali wanaoifinyanga usiku na mchana hawajatajwa popote katika karatasi hiyo.

Wengi wetu tuna njia mbili tu za kuitazama dunia ya pori: ama ni ghala la kuchota, ama ni maonyesho ya kulindwa kwa uzio. Wanaozishikilia njia hizi hugombana sana, ingawa mimi naona wamekubaliana katika jambo kubwa kuliko yote, yaani kwamba binadamu yuko nje.

Ndiyo maana mlembe hunivutia. Ndege huyu mdogo hupenda nta lakini nyuki humshinda, kwa hiyo huwaita watu na kuwaongoza hadi kwenye mzinga wa porini; watu huwatuliza nyuki kwa moshi, hurina asali, na kumwachia masega. Hakuna aliyemfuga. Wala wazazi wake hawakumfundisha, kwa sababu mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine na kulelewa na wageni. Huko Niassa, Msumbiji, warina asali wa Kiyao humwita kwa mlio maalumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mlio huo uliongeza uwezekano wa kuupata mzinga kutoka asilimia 16 hadi 54, ukilinganishwa na sauti nyingine. Hapo pori si ghala wala maonyesho. Ni mwenzi mwenye haja zake, anayeweza pia kukataa kuja.

Mwaka 2017 Bunge la Nyuzilandi lilipitisha sheria ya kuutambua mto Whanganui kuwa nafsi ya kisheria, ukawekewa wasemaji wawili, mmoja akiteuliwa na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walio wa mto huo na mwingine na serikali. Naifurahia sheria hiyo, ila ina kitu kinachonikera: yaonekana mto lazima kwanza ufanane na mtu ndipo usikilizwe mahakamani. Wamaori wenyewe hawakuhitaji hila hiyo, kwani tangu zamani husema kwamba wao ni mto na mto ni wao. Katika Kiswahili, neno upatanisho lina maana ya sarufi na pia maana ya kuwarudisha pamoja waliokosana, na sijui kama tumewahi kulitumia kwa maana hii ya pili tulipokuwa tukiutaja udongo.

Shimo lile nililimalizia kwa mikono, polepole, nikiwatoa nyungunyungu mmoja mmoja na kuwaweka kando, kisha nikawarudisha pamoja na mche.