Wastaafu wangu wanne na jua la Oktoba

Jana saa nane mchana nilikuwa kwenye cherehani chini ya mwembe namalizia sare za kwaya, nikasikia kitu kama mtu anapuliza moto, ha ha ha ha, kugeuka namkuta kuku wangu Kishingo kajilaza kwenye udongo niliomwagia maji asubuhi, mdomo wazi, mabawa kayaachia pembeni, ananiangalia tu. Nikamwambia pole mama, hata mi nimechoka.

Kwa ambaye hajaishi Tabora, Oktoba ndo mwezi wetu wa moto. Mvua tuliagana nayo zamani, majani yote yameshakauka, vumbi linaingia mpaka kwenye kabati la vyombo, maembe yako juu mabichi yanatuchungulia tu, na mchana joto linafika nyuzi 32, 33 hivi, hapo ni kivulini, ukienda chini ya bati usiniulize. Mpaka Novemba mvua ije ndo tunapumua.

Sasa mi nina kuku wanne wazee, nawaita wastaafu. Wawili aliniachia mama mkwe alipohamia kwa mwanae mwingine, wawili nililea mwenyewe tangu vifaranga, na mdogo kabisa kati yao ana kama miaka mitano. Mayai ni ya kubahatisha, wiki hii mawili, wiki ijayo hamna. Jirani yangu kila akipita lazima aseme, "Mama, hao si supu hao?" namjibu supu kanunue sokoni, hawa wana kazi. Na kweli wana kazi, mwewe akikatiza angani wao ndo wa kwanza kupiga kelele, mayai ya kuku tembe, wale wachanga wajinga wasiojua kutulia, wanayaatamia wao, na viwavi vya kwenye mchicha sijui kama ningeviweza bila wao.

Walikuwa watano lakini. Mwaka jana mwezi kama huu nilipata msiba mtaa wa Ng'ambo hapa hapa Tabora, nikaona nisiwaache nje maana kuna kicheche anazunguka mtaani na miche yangu ilikuwa bado midogo, nikawafungia bandani tangu asubuhi. Banda lenyewe bati juu, mabanzi yamebanana pande zote, maji nimewawekea kwenye beseni jeusi la plastiki pale jua linapopigia. Nikarudi saa kumi. Kuku wangu mweupe, mkubwa kuliko wote, mnene kweli, amelala ubavu karibu na mlango. Nikatia kidole kwenye lile beseni, aisee yale maji ungeweza kuoshea vyombo vya mafuta. Mume wangu akasema ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku, nikamwambia hapana, nachanja kila baada ya miezi mitatu, kitone kimoja jichoni, sijaruka hata mara moja, na wenzake nilipowatoa wakakaa chini ya mwembe wakanywa maji, jioni walikuwa wanaparua kama hakuna kilichotokea. Ni joto lilimuua, na niliyemfungia ni mimi.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuuliza watu wanaofuga. Kumbe kuku hatoki jasho kabisa, mwili wake wenyewe kwa kawaida una nyuzi kama 41, sasa joto likizidi njia yake kubwa ni kuhema, ile ha ha ha, ndo anatolea joto kwa mdomo pamoja na kile kilemba chekundu na sehemu za mwili zisizo na manyoya. Ndo maana huyu Kishingo wangu mwenye shingo tupu anavumilia kuliko wenzie, mungu alishamvua skafu mapema. Mnene ndo anateseka zaidi. Na kuhema kwenyewe kuna gharama, akihema sana damu inavurugika na ganda la yai linakosa chokaa, ndo unaokota yai laini kama puto, na kuku mzee ganda lake tayari lilishaanza kuwa jepesi. Kwa hiyo maganda ya mayai siyatupi, nayakausha kikaangoni nayasaga nawawekea kwenye kopo la pembeni, anayetaka anadonoa asiyetaka anaacha, sichanganyi kwenye pumba kwa sababu ambaye hatagi hana haja nayo.

Banda nimelihamishia chini ya mwembe, upande mmoja nimetoa mabanzi nimeweka wavu, juu ya bati nimetandika nyasi nene. Maji naweka kwenye chungu, chungu kile kile cha kawaida cha kupikia, nimekifukia nusu ardhini kivulini, mchana saa saba ukitia mkono unasikia ubaridi. Nabadilisha mara tatu kwa siku na yale ya zamani nayamwagia matembele, hakuna kinachopotea. Siku bomba likikauka nina madumu mawili ya akiba, hayo hata wanangu hawaruhusiwi kuyagusa.

Chakula nilikuwa nakosea vibaya sana. Nilikuwa nawamwagia mahindi saa sita mchana nikiona ni upendo, kumbe tumbo likisaga chakula nalo linaongeza joto mwilini, ni kama umekula ugali wa moto halafu ukaenda kukaa juani. Siku hizi ni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, katikati nawatupia majani na maganda ya tikiti ninayoomba kwa wauzaji pale sokoni. Tikiti wanalipenda mpaka wanapigana, wazee wazima.

Bustani nayo si kubwa, vitanda vitano tu, lakini kiangazi hiki nimevichimba vikazama chini badala ya kuinua matuta kama wakati wa masika, maji yanakaa hayakimbii, halafu natandaza nyasi kavu juu. Namwagilia alfajiri na jioni basi. Chainizi imenishinda, mchana inalala yote, nimeiachia. Mchicha unaenda, bamia wala haina habari na jua, na matembele ndo usiseme, yanatambaa tu.

Tatizo matandazo na kuku havipatani. Ukiweka nyasi leo, kesho asubuhi wastaafu wamezifumua zote wanatafuta wadudu, mizizi iko nje. Nilijaribu chandarua cha zamani wakakikanyaga, nikajaribu kumweka mtoto awafukuze, akalala. Mwisho nikakata matawi ya miiba nikalaza juu ya vitanda vyenye miche, na kitanda kimoja kisichopandwa nikawaachia wao rasmi na jivu kidogo waoge vumbi, hapo wanashinda na utitiri umepungua. Saa kumi na moja na nusu nikiwa na kiti changu natoa miiba kwenye mchicha mkubwa nawaachia kama nusu saa, wanapita mstari kwa mstari wanatoa viwavi, wakianza kudonoa majani tu nawatoa.

Halafu mbolea ya kuku, jamani, msiweke mbichi. Mi niliizoa bandani moja kwa moja nikaiweka kwenye miche ya ngogwe, yaani nyanya chungu, kumi na mbili, ndani ya wiki majani yameungua pembeni kama yamepitiwa na pasi, zikapona tatu. Sasa naichanganya na majani makavu ya mwembe, nalowesha, naiacha kama miezi mitatu ioze mpaka iache ule ukali wa harufu.

Leo saa tisa nimeona wingu upande wa Sikonge, jeusi kabisa, upepo umegeuka, nikaanua nguo, nikaingiza cherehani ndani, nikatoa ndoo zote nje chini ya michirizi. Wastaafu hawakusogea hata hatua moja, wamelala tu kwenye udongo wao wa maji. Nusu saa baadae wingu limepita zake, nikarudisha cherehani chini ya mwembe.