Mwaka wangu wa chuo Leipzig

Tangu nirudi kutoka Leipzig, Ujerumani, kila mtu swali lake ni baridi, baridi ilikuwaje. Baridi ilikuwa baridi jamani, unavaa koti unaenda zako. Kilichonitesa mimi ni giza. Desemba kule saa kumi jioni jua limeshazama na asubuhi mpaka saa mbili bado linajivuta kutoka, kwahiyo siku ukiwa na vipindi kutwa nzima jua unalisikia kwa watu tu.

Ila masomo yenyewe hakuna anayeniuliza, na ndo niliyotaka kuandika, maana hapo ndipo nilipobadilika. Lekcha nyingi hamna wa kuita majina. Uje usije shauri yako. Semista ya baridi vipindi vinaanza katikati ya Oktoba mpaka Februari huko, na masomo mengi niliyosoma hayakuwa na majaribio ya katikati, ni mtihani mmoja mwishoni au paper ndefu basi, na huo mtihani unajiandikisha mwenyewe, tarehe ikipita imepita hakuna wa kukukumbusha. Alafu Februari mpaka Aprili inaitwa muda usio na lekcha. Mi nikajua likizo! Kumbe ndo muda wa kuandika hizo paper, nenda maktaba mwezi wa tatu uone kama utapata kiti.

Yaani hakuna anayekuambia kitu. Lakini ukiuliza sasa, utaelezwa mpaka uchoke. Wiki niliyofika ilikuwa tarehe 9 Oktoba, nikakuta watu wamejaa uwanja wa Augustusplatz na mishumaa wanaipanga chini iandike 89, nikamuuliza mama mmoja pembeni yangu kuna nini. Aisee. Alinipa historia yote pale pale tumesimama, kwamba usiku kama huo mwaka 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana hapo kuipinga serikali ya Ujerumani Mashariki na askari hawakufyatua risasi, na mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguka. Akanionyesha na jengo la chuo lenye umbo la kanisa, kwamba kanisa la kweli lilikuwa hapo hapo serikali hiyo hiyo ikalilipua 1968, hili jipya limefunguliwa 2017. Mi nilikuwa nalipita kila siku najua ni ukumbi tu.

Darasani nako hivyo hivyo. Semina yangu ya kwanza profesa anaongea, mwanafunzi mmoja kanyoosha mkono kasema mimi sikubaliani na hilo. Hivyo tu, bila samahani bila shikamoo, nikasubiri atolewe nje. Profesa akasema endelea, akachukua kalamu akawa anaandika anachoambiwa! Na kipindi kilipoisha wote wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole, nikasema haya, mgomo huo umeanza. Kumbe ndo makofi yao. Ilinichukua muda mrefu mpaka na mimi nikanyoosha mkono, na siku hiyo nilisema kitu cha kawaida kabisa lakini moyo ulikuwa unadunda kama nimeiba. Baada ya hapo sikunyamaza tena, nadhani mpaka wakanichoka.

Vituko vingine ni vidogo. Ratiba ikiandika saa tano na pembeni ina herufi c.t. basi ni saa tano na robo, robo saa ya bure ya kutafuta chumba. Na alama ziko kinyume, 1 ndo ya juu kabisa, 4 umepita kwa kuponea, 5 umefeli. Nilipomtumia mama kwamba nimepata 1.3 akakaa kimya kwanza, alafu akaniuliza taratibu mwanangu, au uliumwa?

Sasa hivi hiyo 1.3 iko mezani kwa mtu ofisini, anatafuta namna ya kuigeuza iwe alama inayoeleweka huku. Mwaka mzima wao wanauhesabu kwa krediti 60 na kila krediti inabidi ipate somo la kufanana nalo, kwahiyo simlaumu sana. Juzi nimepita kaniambia rudi wiki ijayo. Nikamuuliza wiki ijayo siku gani, saa ngapi, na kama hayupo nimwone nani? Akacheka akamwambia mwenzake, huyu si ndo yule katoka Ujerumani. Ila siku kanitajia, Jumatano saa nne.