Cheti, doti ya kanga na jirani aliyenuna

Jamani nimetunukiwa. Msicheke. Mimi wa hapa Ngamiani, Tanga, mwenye duka la ukubwa wa kabati, juzijuzi nimeitwa mbele ya mkutano wa mtaa nikapigiwa vigelegele na nikapewa cheti cha "moyo wa huruma kwa wazee". Jina wamelikosea herufi moja ila tuache hayo.

Huruma yenyewe ni hii. Mimi nauza vitu vidogovidogo na ni wakala wa pesa za simu, na ukishakuwa wakala huku uswahilini basi umeshakuwa msoma meseji wa mtaa, hakuna anayekuuliza kama unataka. Bibi wa nyumba ya nyuma mwanae yuko Muscat ndio anamnunulia umeme, tokeni ya LUKU inaingia kwenye kile kisimu chake cha tochi, macho yenyewe ndio hivyo tena, basi utamuona anakuja taratibu simu kaifunga kwenye pindo la kanga. Naziandika zile namba 20 kwenye kipande cha boksi la sigara, nne nne, kila mstari nne, kubwaaa. Siku nyingine nafunga duka naenda kuingiza mwenyewe maana mita yake iko juu na kile kiti chake cha kupandia kina mguu mmoja hauaminiki.

Sasa mnakumbuka 2024 ile ya kuboresha mita? Mwisho ilikuwa 24 Novemba, ukinunua umeme badala ya tokeni moja zinakuja tatu, namba 60 hizo, unaingiza ya kwanza, ya pili, halafu ya tatu ndio yenye yuniti. Mtaa mzima ulihamia dukani kwangu. Wazee walikuwa wanaanza na ile ya mwisho, mita inakataa, wanaogopa, wanasema hela imeliwa. Nilizunguka nyumba mpaka nikazijua mita za watu kwa milio yake. Kuna babu nilimuingizia akaniambia "wewe mtoto una vidole vya karani", mpaka leo ndio jina langu, Karani.

Na kuna zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Tunazicheka lakini mzee mmoja alikuja na 180,000 mkononi, kweli alikuwa anadaiwa hela ya mabati, kwa hiyo meseji ilimkuta pabaya, akajua fundi kabadilisha namba. Nikamwambia baba hebu mpigie kwanza fundi kwa namba yako ya zamani. Fundi akapokea, anakula zake, hana habari. Yule mzee akakaa kwenye kreti la soda kama robo saa haongei. Halafu akanunua kiberiti akaondoka. Nadhani yeye ndiye aliyenipeleka kwa mwenyekiti, huyu mpya tuliyemchagua ile Novemba 27, siku tatu tu baada ya kizaazaa cha mita.

Mkutanoni nilienda kwa ajili ya hela ya taka. Nilikuwa nimejiandaa kugomba kabisa, dera la kushindia, kandambili, mkono mmoja unanuka mafuta ya taa. Mara nasikia jina langu, nikajua tayari, nadaiwa mchango. Naenda mbele nasikia wanasema wema, huruma, mfano wa kuigwa, kijana mmoja ananipiga picha, mimi nawaza kandambili. Zikitazamwa hizo picha utaona nimeficha mguu mmoja nyuma ya mwingine kama korongo.

Basi nikakabidhiwa cheti na doti ya kanga, na hapo ndipo kasheshe lilipoanzia. Aliyetumwa kununua ile kanga ni mwanaume. Ameangalia rangi, rangi nzuri kweli, nyekundu na nyeusi, kalipa kaondoka, jina hakulisoma. Kanga imekunjuliwa mbele za watu, imeandikwa HASIDI HANA SABABU.

Kwa watu wa pwani sina haja ya kueleza. Jirani yangu naye ana duka, milango yetu inatazamana, na tangu nianze uwakala salamu zake zimekuwa za kuvuta. Alikuwa amekaa mstari wa pili. Alisoma, akaniangalia, akajitanda mtandio vizuri, akanyanyuka. Wiki ya tatu sasa anaamini nilienda kwa mwenyekiti na hela yangu nikachagua ile kanga. Nimemtuma mtu, nimeenda mwenyewe na vitumbua, anasema "aah mie sina neno bwana", nyie mnajua hiyo "sina neno" maana yake nini.

Wifi yangu yeye kafurahi kupita kiasi, ananiambia bado kidogo nitakuwa kama Majaliwa. Yule kijana mvuvi wa Bukoba, ile ndege ilipoangukia ziwani 6 Novemba 2022, watu 43 ndani, 24 wakapona. Alipewa milioni moja, ikatoka amri ya Rais aajiriwe Zimamoto na Uokoaji. Nikamwambia wifi usinifananishe, yule aliingia ziwani akapoteza fahamu, mimi nimepanda kwenye kiti kibovu. Halafu kumbuka na yeye watu walivyomgeuka mitandaoni, kutwa kubishana nani hasa alifungua mlango wa ndege. Mimi wangu wameshaanza, "yule si anafanya ili wazee watoe hela kwake". Na wengine cheti wamekifanya hati ya kukopea. "Nipe unga kilo mbili, wewe si una moyo wa huruma." Daftari la madeni limejaa, nimefungua la pili.

Ila mimi linalonikaa sio hayo. Pale mbele, nimeshika cheti kwa mikono miwili, nilimuona dada mmoja wa nyumba ya kona anapiga vigelegele kuliko wote. Mwaka juzi, wakati wa mvua, saa nne na nusu usiku, nimeshafunga, nahesabu hela ya siku nimechoka, mlango ukagongwa. Sauti ya kwake. Alitaka panadol ya maji ya mtoto, akasema hela imepungua mia tano atamalizia asubuhi. Taa nilikuwa nimeiwasha na yeye aliiona kwa chini ya mlango. Nikaizima. Nikakaa gizani mpaka nikasikia miguu inaondoka. Asubuhi nikaambiwa mtoto alikimbizwa hospitali na bodaboda usiku uleule, degedege. Alipona, yuko darasa la kwanza sasa, anakuja kwangu kununua ubuyu.

Yule dada hajawahi kulitaja. Mimi pia sijalitaja. Tunasalimiana vizuri kabisa.

Nilifikiria nimpelekee kipande kimoja cha ile doti, niseme tu dada tugawane, labda na neno lingine litatoka hapohapo. Lakini unampelekeaje mtu kanga ya Hasidi hana sababu? Iko juu ya friji, haijakatwa.