Silabi ya Mtoto wa Kaka

Mwaka 1991 kaka yangu alipata mtoto wa kiume hapa Dar es Salaam. Kwetu Wahindu wa Kigujarati, anayetamka jina la mtoto ni shangazi, dada wa baba, tunayemwita foi. Kazi ikawa yangu.

Mwanzo wa jina hutazamwa kwenye mwezi wa angani, pale ulipokuwa saa mtoto alipozaliwa. Njia ya mwezi imegawanywa nyota 27, kila nyota ina robo nne na kila robo ina silabi yake. Zinakuwa 108, idadi ileile ya punje za mala, tasbihi yetu. Mwezi hukaa katika robo moja kwa takriban saa sita tu, na hapo ndipo watu wa Afrika Mashariki tunapopotea. Kadi ya uzazi iliandikwa "saa 4 asubuhi", ikasomwa vivyo hivyo kwenye simu kwa pandit, kuhani wetu, aliyeko Jamnagar, India. Yeye akapiga hesabu ya alfajiri. Jibu likaja: "To", robo ya mwisho ya nyota ya Vishakha. Majina ya kiume yanayoanza na To ni ya kuokoteza.

Mama ndiye aliyeshtuka. Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu zimepishana saa sita, yaani robo nzima ya nyota! Pandit akapigiwa tena: andika 10:00, na usisahau kuwa India imetangulia kwa saa mbili na nusu. Safari hii ikawa "Na", robo ya kwanza ya nyota inayofuata, Anuradha.

Kaka alitaka Nakul. Mama akasema Nakul ni shujaa wa vita, Narayan ni Mungu mwenyewe, Vishnu aliyelala juu ya maji kabla ya ulimwengu. Akatukumbusha Ajamila wa Bhagavata Purana, kitabu chetu kitakatifu, brahmini (mtu wa tabaka la makuhani) aliyeharibikiwa na maisha. Alipowaona wajumbe watatu wa Yama, mungu wa kifo, wamekuja kumchukua, kwa hofu alimwita mwanawe mdogo, Narayan, na wajumbe wa Vishnu wakafika kumkinga. Hakuwa hata anaswali. Alikuwa anaita mtoto. Ndiyo sababu wazee hupenda majina ya namna hii: mama akiita mtoto aje kula, amekwisha kumtaja Mungu.

Usiku wa sita baada ya kuzaliwa tulikuwa tumeweka kibao, taa ya samli, karatasi nyeupe na kalamu nyekundu, ili Vidhata, mungu wa majaaliwa, aje kuandika majaaliwa ya mtoto. Siku ya jina alilazwa katikati ya kitambaa cha hariri, pamoja na jani la mpipali, popoo na sarafu. Watoto wanne walishika pembe, wakambembeza wakiimba. Hariri huteleza, na mshika pembe mmoja akiwa mfupi mtoto hubingirikia upande wake, kwa hiyo pembe tulizifunga fundo na mtu mzima akaweka mikono chini. Nikainama, nikamtamkia sikioni: Narayan.

Mama akaweka masharti mawili. Jina lisikatwe kuwa "Naru", maana lililobaki halimtaji tena Mungu. Na asitukanwe kwa jina hilo. Basi akapewa la nyumbani, Babu, kama wavulana wengi wa Kigujarati. Akivunja glasi, anayegombezwa ni Babu.