Kompyuta ya injini ilikuwa nzima

Gari lililetwa kwenye garaji yangu, Katindo, likivutwa kwa kamba. Dogo, la Kijapani, usukani kulia kama mengi tunayotembelea hapa Goma. Injini inawaka, inatetemeka, inazima; ukikanyaga mafuta haipandi. Mwenyewe, mzee anayebebea wauzaji wa soko la Virunga mizigo, alikuwa ameshaambiwa kwenye garaji nyingine kwamba kompyuta imekufa.

"Mwanangu, nitafutie nyingine ya okazio, hata kama imeshatumika."

"Papa, nipe kwanza muda niipime."

Kompyuta hufa, sikatai, hasa ikiingia maji au mtu akigeuza nyaya za betri. Lakini hii ilijibu skana, kifaa cha kusomea makosa ya gari. (Isingejibu pia nisingeihukumu haraka: skana za bei rahisi mara nyingine hazielewani na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani.) Ilinipa misimbo miwili ya makosa: P0107, wa sensa (kipimaji) ya mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, na P0122, wa sensa ya kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Yote miwili inalalamikia kitu kimoja, volti iko chini mno. Sensa mbili zife kwa pamoja? Nilianza kutafuta kile zinachochangia: volti 5 zinazotoka kwenye kompyuta, na waya wa masi, unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri.

Nikaweka skana pembeni, nikashika multimita, kipimo cha umeme. Masi kwanza: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye pini ya masi ya kompyuta, kijana wangu akipiga stata. Tofauti haikufika volti 0.1, kwa hiyo masi ni nzuri. Kisha ule waya wa volti 5. Ulikuwa na 0.2.

Nikachomoa sensa moja moja, jicho kwenye multimita. Kama sensa ndiyo inayovuta umeme chini, ukiichomoa volti zinarudi. Hazikurudi. Basi ni waya, au kweli ni kompyuta. Nilitoa terminali ya betri, nikachomoa soketi ya kompyuta, nikapima omu, yaani ukinzani, kati ya waya ule na bodi ya chuma ya gari: karibu sifuri. Waya umeachiliwa pande zote, kompyuta haiugusi tena, na bado umegusana na bodi. Kompyuta haikuwa na hatia.

Kuupata mchubuko ndiko kulikonichosha. Ulikuwa nyuma ya injini, ambako mtu aliyebadilisha raba zinazoshikilia injini alirudisha fungu la nyaya bila kulifunga, likawa linasuguliwa na chuma. Kwa mawe yetu haya ya volkano, gari linatikisika kutwa. Nililehemu waya, nikauvika mpira, nikafunga fungu mbali na chuma. Volti 5 zikarudi, nikafuta misimbo, tukapanda hadi Ndosho bila taa kuwaka.

Kompyuta ya okazio ingemletea mzee shida nyingine. Namba iliyo kwenye lebo lazima ilingane, na kwenye magari mengi yenye ufunguo wa chipu, kompyuta ngeni haiutambui ufunguo mpaka ipangwe upya.

Wakati wa kulipa akauliza, "Sasa nalipia nini, na hukuweka kipande kipya hata kimoja?"

Nikamwonyesha waya uliochubuka. Akacheka, akalipa, lakini baada ya kunishusha bei.